Korongo wa Dhahabu na Njiti ya Kiberiti

Fumba mdomo. Hilo ndilo somo la kwanza ninalowapa nyinyi mnaotaka kushika sarafu za kioo, na najua wengi wenu mtalishindwa, maana kizazi chenu kinaongea hata kikiwa kimelala. Mimi nilifundishwa kwa njiti ya kiberiti. Fundi Twalib, sonara aliyenilea katika kazi pale Lodwar, alikuwa akimpa kila mwanafunzi njiti yake asubuhi, aibane kwa midomo, na asiitoe mpaka kazi ya mezani iishe. Ukiidondosha, chai yako inanywewa na mwenzako. Nilikosa chai nyingi kabla sijajua kunyamaza.

Msidhani ni adabu tu. Ukiongea, mate huruka hata usipoyaona. Kwenye pete au mkufu si neno, utapangusa. Sarafu ya kioo haipanguswi. Tone likikauka juu yake linaacha doa, na ukilisugua hilo doa unaharibu na pale palipokuwa pazima.

Wengine mnadhani sarafu ya kioo ni sarafu yoyote inayong'aa. Siyo. Sarafu ya kawaida hupigwa iende sokoni, ishikwe na mikono ya kila namna. Hii hupigwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Muhuri wake husuguliwa mpaka uonyeshe sura ya mtu, na kipande cha dhahabu nacho husuguliwa, kisha hupigwa zaidi ya mara moja, taratibu, mpaka kila unyoya wa ndege utokeze. Pale pasipo na picha panakuwa kioo kabisa. Picha yenyewe inabaki na weupe mkavu, kama iliyonyunyiziwa unga. Ukiishika hivi, ule uwanja ni mweusi kama maji ya kisima. Ukiinamisha kidogo tu, jua zima linaingia humo. Nimeshika dhahabu tangu ujana mpaka macho yaliponiomba ruhusa, na jambo hilo bado linanisimamisha. Sitaki kulizoea.

Fundi Twalib alikuwa nayo moja, katika kopo la ugoro. Zamani sana padre mmoja alimletea aikague, naye kwa wema wake akaipangusa kwa ngozi laini, ile ile tunayong'arishia bangili. Mara moja tu. Ukiitazama ya Fundi Twalib unaona mikwaruzo myembamba, mingi, kama tako la sufuria lililosuguliwa kwa mchanga. Alimtengenezea padre msalaba badala yake, na sarafu akabaki nayo ili kila mwanafunzi mpya aione. "Mkono wangu huu," alikuwa akisema, akiuinua mkono wa kulia kama mtuhumiwa. Basi tukaogopa vitambaa. Lakini mtaani watu hawakuogopa kitu. Mtu mmoja wa ofisini, msomi mpole, aliniletea yake aliyoisugua kwa dawa ya meno. Nilimwambia tu kwamba inanukia vizuri.

Mwaka 2012, habari za mafuta zilipoijaza Lodwar wageni na vyumba vikawa vya kugombaniwa, nilihamishia meza yangu Kakuma mjini. Nilipata chumba cha mabati karibu na lagga, ule mto wa mchanga unaoutenganisha mji na kambi ya wakimbizi. Vumbi la Kakuma mnalijua. Nilijifunza kufanya kazi nyeti alfajiri, kabla upepo haujaamka, sakafu nimeinyunyizia maji na mlangoni nimetundika shuka iliyolowa. Wateja wangu walikuwa maharusi wa kambini, wanawake wa Kisomali na bangili zao, na mara moja moja mfugaji aliyeuza mbuzi akataka hereni za mkewe.

Nilikuwa naishi na mama yangu. Alikuwa ameshazeeka, tumbaku shavuni toka asubuhi hadi jioni, na kigoda chake alikiweka penye kivuli cha mlango wangu ili awakague wateja. Watu wa kambi hakuwapenda. "Watu ya kambi walikula miti yetu yote," alikuwa akisema, na kwa kweli aliijua ile miti kabla haijawa kuni. Mteja mkimbizi akimsalimu, yeye aliangalia mbuzi.

Ndivyo alivyofanya siku aliyokuja Mzee Marko. Alikuwa mrefu hata akainama sana kuingia, chale za ujana wa Kidinka kwenye paji la uso, kofia mkononi, na kwapani kopo la maziwa ya unga.

"Ejok," akatusalimu kwa Kiturkana, lugha yetu. Mama akaangalia mbuzi.

"Ejok-noi, mzee. Karibu."

"Ya fundi, watu nasema wewe najua dhahabu. Mimi nataka mtu najua kunyamaza."

Nikacheka, nikachukua njiti ya kiberiti, nikaibana mdomoni. Yule mzee akaitazama ile njiti kwa muda, kisha akaketi bila kukaribishwa tena. Ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa mfuko mdogo wa nailoni laini, na ndani ya mfuko sarafu ya dhahabu yenye korongo mwenye taji, amesimama kwa mguu mmoja katika matete. Sijui niwaelezeje. Kwenye chumba kile cha mabati, katikati ya vumbi lile, ilikuwa imekaa kazi ya mikono ambayo mafundi wengi wa dhahabu wanakufa hawajaiona.

Lakini korongo alikuwa mgonjwa. Juu ya uwanja wote palikuwa na utandu wa kijani, unaonata, kama pumzi iliyoganda. Kioo kilikuwa hakionyeshi kitu.

Mzee Marko alinisimulia polepole. Ujana wake alifanya kazi ya benki Juba, na mzungu mmoja mkuu wake alimwonyesha sarafu ya namna hiyo. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Wenzake walinunua redio na baiskeli, yeye akajinyima mpaka akapata moja, na baada ya miaka nyingine, na nyingine, kila moja ndani ya kasha lake gumu. Hakukusanya za kawaida hata akipewa bure. Alitaka za kioo tu, za wanyama na ndege. Nilimuuliza, nikiwa nimetoa njiti, dhahabu isiyovaliwa wala kuuzwa ina faida gani.

"Ninyi Waturkana hamna dume la ng'ombe la kuimbia?" akaniuliza. "Dume ile huuzi, huchinji. Unatazama tu, unaimba."

Baba yangu alikuwa nalo dume la namna hiyo, na siku lilipokufa hakula. Mlangoni Mama aliacha kutafuna tumbaku.

Vita vilipoanza, sarafu zikaondoka moja moja. Moja ilivusha familia mto. Nyingine iliokoa mtu mikononi mwa askari, nyingine ikawa dawa iliyochelewa. Korongo peke yake ndiye aliyefika Kakuma. Kasha lake lilivunjika njiani, ndipo mzee akamtia kwenye nailoni, na joto la Kakuma likaikamua ile nailoni mafuta yake kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Hilo nalo mlishike: plastiki laini ni adui. Haikwaruzi, haipigi kelele, inaua polepole.

"Kwa nini unataka asafishwe sasa?" nikamuuliza.

Akaniambia. Mkewe alikuwa akijitazama katika korongo huyo. Nyumbani kwao kioo kilikuwepo, lakini Jumapili kabla ya kwenda kanisani mkewe alikuwa akiiomba ile sarafu kwa utani, aishike kwa ukingo, aone kama kitambaa kimekaa sawa kichwani. Alikuwa mtu pekee aliyeruhusiwa. Yule mama alifariki njiani, binti yao Nyandeng akiwa mtoto wa mgongoni. Picha yake hata moja haikubaki. Sasa Nyandeng alikuwa amekubaliwa kwenda kuishi ng'ambo, Australia, na ndege ya safari yake ilikuwa imeshapangwa. Mzee mwenyewe hakuwa anaenda. Alitaka kurudi kwao, akafie kwenye mto wake.

"Yeye hajui uso wa mama yake," akasema. "Lakini uso yake mwenyewe ni ile ile ya mama. Nataka aitazame humu, mimi nione, yeye aone. Halafu achukue, aende."

Sasa mnaelewa nilichokuwa nimekishika. Nikikosea, binti yule ataondoka na kipande cha dhahabu. Nikipatia, ataondoka na mama yake.

Utandu wa nailoni hautoki kwa maji wala sabuni. Unataka asetoni, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi na gundi. Saluni za Kakuma zilikuwa nayo ya kutolea rangi ya kucha, na kijana asiye na subira angeichukua hiyo akamaliza kazi kabla ya chai. Mimi nilipanda lori la kurudi Lodwar kumwuliza Fundi Twalib. Alikuwa ameshaacha kazi, anaota jua mbele ya nyumba yake, kopo la ugoro pembeni.

"Ya saluni ina mafuta na marashi," akasema. "Utautoa utandu mmoja uweke mwingine. Nenda Kalokol, kule ziwani, kwa wanaoziba boti za faiba. Wao wanatumia safi. Na usiguse kwa kitu, Ekiru. Hata pamba. Hata unyoya."

"Nimekusikia."

"Mimi pia nilikuwa nimesikia," akasema, akaligonga lile kopo kwa ukucha.

Kalokol nilifika kwa pikipiki, nimekaa juu ya magunia matupu yanayonuka samaki. Fundi wa boti alinikuta nanusa chupa zake akadhani nimelewa. Nilipomweleza ni ya nini hakuamini, lakini alinimiminia ya kutosha kwenye chupa ya kioo, akanikataza kuitia kwenye ya plastiki. Kwenye kituo cha mafuta Lodwar nikanunua maji ya betri, yale matupu yasiyo na asidi, kwa sababu maji ya bomba yetu yana chumvi na yakikauka yanaacha alama. Nikarudi Kakuma na chupa zangu mbili nimezipakata kama mapacha.

Kasha nilitengeneza mwenyewe. Nilichukua vioo viwili vinene vya saa za mkononi, nikazungushia pete ya fedha yenye mfuo ndani, ili sarafu ikamatwe ukingoni tu, uso wake usiguswe na kitu.

Alfajiri tuliyokubaliana, Mzee Marko alikuja na Nyandeng. Msichana mwembamba, mrefu kama baba yake, viatu vipya vya safari miguuni, na haraka ya mtu ambaye roho yake imeshapanda ndege. Nilikuwa nimenyunyiza sakafu, nimelowesha shuka. Mama alikuwa ameketi ndani siku hiyo, kwa sababu ya baridi, alisema, ingawa Kakuma haina baridi. Nikabana njiti mdomoni.

Kazi yenyewe mtashangaa ilivyo ndogo. Unamimina asetoni kwenye kisahani cha kioo. Unaishika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, unailaza, unaondoa mkono. Basi. Kazi iliyobaki ni kujizuia. Tuliketi wote tukikitazama kisahani. Kwanza hakuna kitu. Kisha utandu ukaanza kupauka pembezoni, ukajikunja, ukaachia. Nikamwaga, nikamimina mpya. Nikamwaga tena, nikaisuuza kwa maji ya betri. Nilipoiinua na kuisimamisha ikauke yenyewe, mwanga wa alfajiri uliopenya shuka ulimpata korongo.

Mzee Marko alisema neno moja kwa Kidinka na kufunika mdomo. Mimi nililia na njiti yangu mdomoni, na sioni haya kuwaambia. Uwanja wote ulikuwa mweusi na wazi, hauna mwisho, na yule ndege amesimama ndani yake mweupe, kila unyoya peke yake. Miaka yote ile ya jua na kukimbia haikuwa imemfika.

"Njoo," mzee akamwambia bintiye. Akamshikisha kwa ukingo, akamwinamishia. "Angalia. Si ndege. Angalia kando ya ndege."

Nyandeng akatazama. Ile haraka yake yote ikamwisha.

"Baba, ni mimi tu."

"Huyo ndiye yeye," akasema. "Paji hiyo. Macho hiyo. Alikuwa naangalia hapo hapo. Nyandeng, huyo ndiye yeye."

Msichana aliitazama sarafu muda mrefu, akigeuza kichwa kidogo huku na huku, kama mtu anayemzungukia mwenzake. Kisha akailaza kwenye kisahani kikavu mezani, taratibu, akaketi. Nami nikaanza kufungua kasha.

Hapo ndipo Mama alipoinuka.

"Huyu mtoto anaenda mbali?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimsemesha mtu wa kambi.

"Mbali sana, ata," Nyandeng akasema, akimwita bibi kwa lugha yetu. "Kwa ndege. Ng'ambo."

"Na mama yake hayupo."

"Hayupo."

"Na hakuna mzee mwanamke ametemea yeye?"

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua. Kwetu mtu haondoki, wala kitu hakiondoki, bila mate ya mzee. Mate ni baraka. Ndiyo maji ya ndani ya mtu, na mtu wa nchi kavu akikupa maji yake amekupa vyote. Mama alimtemea Nyandeng kwenye paji la uso, mara moja, ukungu mwembamba, akimtaja Akuj, Mungu wetu. Akamtemea viganja. Msichana aliinamisha kichwa kama aliyezaliwa kwetu. Kisha Mama akageukia mezani.

Niliona. Niliona kabisa linalokuja. Lakini nilikuwa na njiti mdomoni, nimeibana tangu alfajiri, na mdomo uliofundishwa miaka mingi hauachii kwa haraka. Nilichotoa ni mguno. Mama akaitemea sarafu akisema, "Mama ya mtoto na wewe fika salama," mate ya baraka yaliyochanganyika na tumbaku, moja kwa moja juu ya kioo.

Njiti ilikatika katikati ya meno yangu. Nilishika chupa ya maji ya betri, kwa sababu mate mabichi yanaoshwa, na yakikauka yamekauka. Nje upepo ulikuwa umeshaanza kuitikisa shuka. Mkono wangu ulikuwa umeshafika juu ya sarafu Mzee Marko alipoushika.

"Wacha."

"Mzee, yatakauka. Itabaki alama, na ya tumbaku. Nikisugua baadaye ndio nimeua."

"Ya fundi, wacha."

Alikuwa akimtazama Mama. Huyu ndiye mtu aliyemzuia hata mkewe asipumue karibu na kioo kile. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali.

"Bibi yangu alifanya hivyo kwangu," akasema. "Kwetu ni hivyo hivyo. Siku nyingi mimi nafunika hii kitu, nafunika, nafunika. Hakuna mtu alibariki. Zile zingine zote zilipotea hakuna mtu alibariki."

Kisha akainama juu ya meza, yule mkusanyaji, akamtemea korongo wake. Kidogo, karibu na jicho.

Mimi sikuwahi kuona kitu kama kile, na nimeona dhahabu ya kila aina. Tulisimama tukiyaangalia mate ya wazee wawili yakikauka juu ya kazi nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwangu. Hayakuchukua muda, Kakuma ni Kakuma. Yaliacha matone ya rangi ya chai upande mmoja wa uwanja, na kijidoa cheupe kwenye jicho la ndege.

Nyandeng akaiinua kwa ukingo, kama alivyofundishwa, akaiinamisha ikapata mwanga. Baba yake hakuthubutu kumwuliza. Aliyeuliza ni Mama.

"Iko?"

"Bado anaonekana," Nyandeng akasema.

Nikaifunga sarafu kati ya vile vioo viwili, nikakaza pete. Wiki ile ile ndege iliondoka. Mama alisimama penye uzio wa uwanja wa ndege pamoja na watu wa kambi, akitafuna tumbaku, akawa wa mwisho kuondoka.

Haya, njiti zenu hizi hapa, kila mmoja achukue yake. Nimewaambia maji ya betri, nimewaambia plastiki laini, nimewaambia msiguse. Lakini dunia ya wakusanyaji ni ndogo, na vitu hivi husafiri. Siku mojawapo mnaweza kuletewa korongo wa dhahabu ndani ya vioo viwili vya saa, mwenye matone ya tumbaku pembeni na doa jichoni, na mwenye kumleta akawauliza kama mnaweza kumsafisha. Mwambieni hapana. Mrudishieni vile vile, na mumsalimie.